Nilijaribu kwa Moja Tu

Dada yangu,

Shikamoo. Barua yako niliipata Jumanne, nikaisoma nikiwa nimesimama mlangoni na mkoba bado begani. Nimeshukuru kusikia kwamba u mzima, kwamba kikohozi cha Mama kimepungua, na kwamba Baba bado anagombana na redio yake. Mimi mwili hauna neno. Nakula, nalala, naenda kazini. Yaliyobaki utayasoma humu, na nakuomba uketi kwanza, maana barua hii si ya kusomwa huku umeshika sufuria.

Umeniomba jambo moja. Umesema mwisho wa mwezi huu mnakwenda kumaliza mambo ya talaka, na kwamba shemeji mpaka leo hajakubali kosa. Kwa hiyo unataka nikutumie ile karatasi ya kumbukumbu za mashine, yenye muhuri wa karakana yetu, ionyeshe kwamba joto lilikuwa sawa siku zote na kwamba yeye ndiye aliyefungua milango mara kumi na moja akaua mayai. Ukaongeza kwamba mashine yangu ndiyo iliyokuokoa na mume mzembe. Maneno hayo nimeyasoma mara nne, Dada. Karatasi sitaituma. Nitakwambia kwa nini, ila niache niseme kwa mpangilio wangu, maana nikianzia mwisho utaichana barua kabla hujafika katikati.

Unajua kwamba karakana yetu inatengeneza mashine za kutotolesha vifaranga. Ulinunua moja kwa sababu yangu. Lakini sidhani kama nimewahi kukueleza hasa mkono wangu uko wapi humo ndani. Kwenye kila mashine kuna kihisi, kijiwaya chenye kichwa kidogo kama punje ya mtama, kinachohisi joto. Kihisi hakijui nyuzi ni kitu gani. Kinatoa namba yake tu, na ni kazi ya programu kuigeuza namba hiyo iwe nyuzi unazosoma kwenye kioo. Kugeuza huko ni ile hesabu ya mabano ya Baba: namba fulani, ongeza namba nyingine mara ile ya kihisi, ongeza nyingine tena mara ile ya kihisi iliyozidishwa kwa yenyewe, hivyo hivyo mpaka ziishe. Wenye vitabu wanaiita polinomia.

Watu wengi huifanya kwa mzunguko, yaani unaiambia kompyuta irudie hatua ileile mpaka namba ziishe. Kwetu mzunguko ni marufuku. Kabla sijaajiriwa, mashine moja ya majaribio iliingia kwenye mzunguko ikashindwa kutoka, ikabaki inajizungukia humo na hita inawaka mpaka trei za plastiki zikayeyuka. Mkuu wa karakana akabandika karatasi ukutani, HAKUNA KURUDIARUDIA, na ukikamatwa umeandika mzunguko unawanunulia wote soda. Wenzangu wakawa wanaandika hesabu nzima kwenye mstari mmoja mrefu wa kutia kizunguzungu. Mimi nikaja na mabano ya Baba, bano ndani ya bano. Nikaandika fanksheni, vijiprogramu vidogo, kila kimoja ndani ya mwenzake. Cha nje kinakiita cha ndani yake, nacho kinakiita cha ndani zaidi, mpaka kile cha ndani kabisa ambacho hakina wa kumwita. Hicho kinatoa namba yake. Kinachofuata kinaizidisha, kinaongeza ya kwake, kinaipitisha nje. Umeingia, umetoka, basi. Mkuu aliipenda hata akawaita watu waje waone, na tangu siku hiyo hakuna anayeniita jina langu pale. Mimi ni Mabano. Kichwa kilinivimba, sikufichi.

Nawe unakumbuka nilikoyatoa, kwenye mchezo wetu wa utotoni. Baba anatupanga koridoni kila mtu na kadi yake yenye namba. Mimi mdogo kabisa nasimama ndani, chumbani, na kadi ya nne. Wewe mlangoni na kadi ya tatu. Mama kule jikoni na kadi ya mbili, mikono ina unga. Baba anatangaza namba ya siku, tuseme mbili. Mimi nakunong'oneza nne. Wewe unazidisha kwa mbili, unapata nane, unaongeza tatu yako, unampelekea Mama kumi na moja. Mama anazidisha kwa mbili, anaongeza mbili yake, anapiga kelele ishirini na nne, na Baba anapiga makofi peke yake kama uwanja mzima. Hakuna aliyeona kadi ya mwenzake. Uliamini nilichokunong'oneza, na Mama aliamini ulichompelekea.

Na unakumbuka siku mimi na Mama tulipobadilishana kadi kwa utani. Nikashika mbili, yeye akashika nne. Baba akatangaza moja, jibu likatoka tisa, kama siku zote, nasi tukacheka hadi tukakaa chini. Baba akatutazama, akatangaza mbili. Likatoka kumi na nane. Hapo ndipo alipotukamata. Akasema moja haifichui mtu, kwa kuwa ukizidisha kwa moja hakuna kinachobadilika, hata kadi zikikaa kichwa chini miguu juu. Akatuapisha tusije tukaridhika na moja maisha yetu yote. Tukaitikia ndiyo Baba, huku bado tunachekana.

Sasa njoo kwenye mayai. Mara mbili za mwanzo, msimu wa baridi, vifaranga walitoka vizuri, na wewe ulinipigia simu ili nisikie wanavyolia. Mara ya tatu joto lilikuwa kali na mashine umeijaza mayai mia tisa. Siku ya kumi na tano shemeji akaanza kusema chumba kinachoma. Alikuwa na kile kipimajoto chake cha kioo alichokifunga kwa uzi ndani ya mlango wa mashine, nyuma ya kidirisha, na akasema kinasoma arobaini wakati mashine inasema thelathini na saba na kitu. Ukaenda kutazama kioo cha mashine, ukamwambia kiko sawa. Akafungua milango ya mashine apooze. Kesho yake hivyo hivyo, na keshokutwa yake hivyo hivyo. Siku ya kumi na saba ukanipigia mimi.

Ilikuwa saa ya chakula na nilikuwa mezani na wenzangu. Nakumbuka nilivyokujibu, kwa sababu nilijibu kwa sauti ili na wao wasikie. Nilisema hicho kipimajoto akakipimie uji. Nilisema mashine ina hesabu ndani yake ambayo yeye hata akifufuka mara mbili hataielewa, na kwamba akome kufungua milango, asiiguse tena mashine ya watu. Wenzangu walicheka. Wewe pia ulicheka kidogo, Dada, usikatae.

Siku ya ishirini na moja hakutoka kifaranga hata mmoja. Ulivunja mayai mwenyewe, ukawakuta wamekamilika na manyoya yao, wamekufa. Ulilia kwenye simu mpaka nikashindwa kukuelewa.

Ndipo kikaitwa kile kikao cha Jumapili, sebuleni kwa Baba, baada ya chakula. Wajomba wote wawili, Mama, wewe, mimi niliyekuja na basi la asubuhi na karatasi ya kumbukumbu ndani ya bahasha safi. Na shemeji kwenye kiti cha pembeni, amekunja daftari lake la shule juu ya magoti. Alisema kwa utaratibu tu kwamba aliandika joto kila siku mara tatu, akaomba lisomwe. Mjomba mkubwa akacheka, akauliza tangu lini kipimajoto cha dukani kikabishana na kompyuta. Daftari halikusomwa. Nikaombwa niseme mimi, mtaalamu. Nikasimama kabisa, wewe! Kama niko mbele ya mkutano. Nikasema joto lilikuwa sahihi tangu siku ya kwanza mpaka ya mwisho, na milango ilifunguliwa mara kumi na moja, na mayai yakipigwa na baridi siku za mwisho hayana la kufanya ila kufa. Nikasema mashine haina sababu ya kumsingizia mtu.

Baba aliniuliza swali moja tu. Aliuliza kama hesabu niliijaribu. Nikasema niliijaribu. Akauliza kwa namba gani. Nikasema kwa zote, Baba. Akanitazama kwa muda, kisha akageuka akamtazama shemeji, na mambo yakaisha hapo. Jioni ile shemeji alitoka na begi moja, na hukumsindikiza hata hadi barabarani.

Sikumpenda, Dada. Niseme tu, maana leo ni siku ya kusema. Niliona umejitupa, wewe uliyenifundisha kusoma, kuolewa na mwashi asiyemaliza shule. Aliponiona na kompyuta yangu mara ya kwanza aliniuliza kama nimewahi kukaa na kuku siku nzima, nami nililichukulia hilo kuwa dharau. Alipotoka na lile begi, sehemu yangu moja ilifurahi. Imenichukua miezi saba kuiangalia hiyo sehemu usoni.

Basi sikia. Siku mbili kabla ya kikao, Ijumaa, fundi umeme wetu, mtu wa maneno machache anayetafuna karanga tangu asubuhi, alichukua kihisi kutoka kwenye rundo moja na cha mashine yako, akakitumbukiza kwenye maji ya uvuguvugu pamoja na kipimajoto kizuri. Akaniita. Kipimajoto kilisema arobaini na moja. Programu yangu ilisema thelathini na nane. Akapandisha maji, akashusha maji. Kila yalipopanda nyuzi tatu, programu ilikubali nusu ya nyuzi moja tu. Akaniuliza ni nini, akaendelea na karanga zake.

Mimi nilijua kabla hajamaliza kuuliza. Nilichomoa ile karatasi ya namba niliyopewa na mpimaji wetu wa vihisi. Yeye huandika kuanzia namba ya ndani kabisa kwenda nje. Mimi nilizipachika kwenye fanksheni zangu kama zilivyosimama, nikianza na ya nje kwenda ndani. Ya nje ikashika kadi ya ndani, ya ndani ikashika kadi ya nje. Mimi na Mama, Dada. Mimi na Mama koridoni! Na nilipomaliza kuandika niliijaribu kwa moja, jibu likatoka sawasawa na la mpimaji, nikafunga kompyuta nikaenda kunywa chai. Mbili sikuijaribu.

Na shetani gani alipanga, sijui, lakini karakana yetu imetengeneza mambo ili kihisi kitoe moja kamili pale joto linapokuwa lile hasa yanalolitaka mayai, thelathini na saba na nusu. Kwa hiyo mambo yakiwa shwari mashine inasema kweli tupu. Joto likipanda tu, inaanza kulificha. Kengele haikulia kwa sababu kengele nayo inasikiliza fanksheni zangu. Kumbukumbu zikaandikwa safi kwa sababu ni mimi niliyeziandikisha. Hicho kipimajoto cha uji ndicho kilichokuwa kinasema kweli chumbani mwako, kwa siku zote saba.

Nilikwenda kwa mkuu wa karakana Ijumaa ileile. Alifunga mlango. Alisema tugeuze mpangilio wa namba, tupite kwa wateja wote wa mwanzo tukisema ni matengenezo, na neno kosa lisitoke kinywani mwa mtu. Alisema mimi ni kijana mwenye maisha mbele. Ningeweza kumtupia yeye mzigo wote, na angeustahili nusu yake. Lakini yeye hakuwa sebuleni kwa Baba. Nilisimama mimi, nikijua. Nilikuwa nimejua kwa siku mbili. Baba aliponiuliza kwa namba gani, nilikuwa najua anachouliza, na nikamdanganya Baba usoni kwa hesabu aliyonifundisha yeye.

Unamkumbuka yule fundi aliyekuja wiki iliyofuata na kisanduku cheusi, akakwambia anasafisha mashine bure? Hakusafisha kitu. Aliweka programu mpya. Ndiyo maana mara ya nne vifaranga walitoka wote. Na ninyi mkasema, wewe na wajomba, na majirani wakaongeza chumvi, kwamba ona, mume ametoka na mkosi umetoka. Ulinipigia simu ukinishukuru. Nilisema ahsante Dada. Nilisema ahsante!

Alhamisi, baada ya barua yako, niliomba ruhusa nikaenda kumtafuta shemeji. Siku hizi yuko kwenye kiwanda cha mbao, anapanga mbao zinazotoka kwenye msumeno. Alinipeleka nyuma ya rundo moja ambako kelele zinapungua, nikamwambia yote kama ninavyokwambia wewe. Alikuwa anajipangusa unga wa mbao mikononi, hata ulipokwisha akaendelea kujipangusa. Akaniambia kwamba baada ya kikao alidhani macho yake yameharibika. Alinunua vipimajoto vingine viwili, akavitia kwenye ndoo moja na kile cha zamani, vyote vitatu vikasoma sawa. Akajua hakuwa mwendawazimu. Lakini akauliza, angemwambia nani?

Nilimsihi arudi nyumbani. Alisema hilo si langu kumwomba. Kisha akasema jambo ambalo sikutaka kukuandikia, ila nimechoka kuchagua ya kuandika. Alisema mayai aliyasahau mapema. Kisichomtoka ni kwamba alikwambia mara tatu, na mara zote tatu ulimwacha amesimama ukaenda kutazama kioo, kisha ukarudi kumweleza yeye aliyetoka humo chumbani kama kuna joto au hakuna. Mimi ndiye niliyekufundisha kukitazama kioo, lakini miguu ilikuwa yako.

Alipoona naondoka aliniita, akaenda kwenye begi lake akaniletea daftari. Hakuomba chochote ila hilo lisomwe mbele ya watu walewale, na alisome Baba.

Kwa hiyo fanya hivi. Usipeleke karatasi yoyote popote mwisho wa mwezi mpaka uwe umeamua ukiwa unajua. Mwambie Baba awaite wajomba Jumamosi ijayo, sebuleni, viti vilevile. Usimweleze sababu, hiyo ni kazi yangu na sitaki ikufanye mjumbe. Mkuu wangu nimempa barua jana, kwamba kila mteja wa mwanzo aambiwe kwa maandishi kilichotokea, la sivyo nitawaambia mwenyewe. Huenda nikamwaga unga kabla ya Jumamosi. Nitakuja vyovyote. Hutaki kunipokea, nitasimama nje mpaka Baba atoke, na ukinifungia mlango mbele ya watu sitakulaumu.

Msalimie Mama sana, mwambie nakuja na dawa yake ya kifua. Baba msalimie pia, na asiulize mengi. Kuku wako wape heri, wao hawana kosa na mtu.

Daftari liko ndani ya bahasha hii, limefungwa kwa uzi uleule wa kipimajoto. Kabla hujampa Baba, fungua siku ya kumi na nane. Nami niliiangalia ile karatasi yangu yenye muhuri: siku hiyo milango haikufunguliwa hata mara moja, na pale sebuleni hakuna aliyeuliza kwa nini, wala mimi. Nilisema milango iliyofunguliwa ndiyo iliyoua. Soma alichoandika, kwa kalamu ya risasi, mwandiko wake ule wa kujikaza, na shemeji anayemtaja ni mimi:

"Siku ya 18. Saa saba mchana. Nyuzi 41. Wanagonga maganda kwa ndani, nawasikia. Shemeji amesema nisifungue. Sijafungua."

Ni mimi mdogo wako,
Mabano